Kitabu cha visa vya Mitume kwa mtoto anayetafuna kila kitu: chagua hivi

Mwanangu wa kwanza alimla samaki wa Nabii Yunus. Alimla kweli kweli, alikuwa na miezi tisa, nimemnunulia kitabu cha visa vya Mitume cha zile karatasi nyembamba za kung'aa, nimemkalisha mkekani nikageuka kuzima jiko, narudi nakuta ukurasa hauna mkia wa samaki na mdomo wa mtoto umejaa rangi ya bluu. Nikaingiza kidole nikakitoa kipande, alhamdulillah hakupaliwa. Jioni bibi yake akaja, akakuta kitabu chenye jina la Allah kimechanika kiko sakafuni karibu na kandambili, hakusema maneno mengi, akakiokota, akakifuta na kanga, akakiweka juu ya kabati. Kikakaa huko zaidi ya mwaka. Mtoto akinyoosha mkono tunamwambia "hapana, hicho cha dini, usiguse".

Hilo neno lilikuja kuniuma baadae sana. Mtoto wa mwaka mmoja haelewi heshima ya kitabu, anachoelewa ni kwamba kuna vitu vyake na kuna vitu vya kunyang'anywa, na sisi kitabu cha dini tulikuwa tumeshakiweka kwenye fungu la kunyang'anywa. Kwahiyo alipokuja mdogo wake nikajiwekea sharti moja: kitabu chake cha kwanza cha dini kiwe kile ambacho anaweza kukishika, kukitafuna, kukirusha, kukikalia, na mimi nisiwe na sababu ya kumpokonya. Ukilishika hilo sharti mengine yote yanajipanga yenyewe, karatasi gani, picha gani, maandishi gani yawemo na yapi yasiwemo.

Tuanze na kitabu chenyewe kama kitu cha mkononi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu usinunue karatasi nyembamba hata kama picha zake ni nzuri vipi, nunua vile vya kurasa ngumu, vya boksi. Lakini sio kila kitabu cha boksi ni imara na hapa ndo watu wengi tunapigwa. Vingi vina kava gumu alafu ndani kurasa ni laini tu kama za kalenda, na kikiwa bado kwenye nailoni hujui, kwahiyo mwombe muuzaji akufungulie, na kama hataki ondoka. Mi natembea na kadi mbili za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76, ukizibebanisha mbili unapata milimita moja na nusu, ukurasa mmoja uwe hapo au zaidi. Ukiwa mwembamba kuliko hizo kadi mbili, mtoto wa miezi kumi na minne ataukunja, na boksi likishakunjwa mara moja pale pale patakuja kukatika.

Ukishapima unene kifungue katikati kilale wazi kabisa juu ya meza ya duka, alafu chungulia mgongo. Kitabu kilichotengenezwa vizuri kila ukurasa umegundishwa mgongo kwa mgongo na mwenzake, yani huwezi kuona jani moja moja limesimama peke yake, ni kama mkunjo mmoja unaoendelea. Kile cha ovyo majani yamekatwa moja moja na kushikizwa na gundi kwenye ukingo tu, ukivuta kidogo unasikia kanalia "trrr", hicho usikichukue. Cha pini za stepla ndo kabisa, pini ikichomoka ni hospitali. Kona lazima ziwe za duara, na sio kwa ajili ya kutochoma macho tu, kona kali ndo inayoingia mdomoni kwanza na ndo inayoanza kuachana. Ipitishe ukucha taratibu pale kwenye kona, kama matabaka ya boksi yanaanza kufunguka kwa ukucha wako basi kwa mate ya mtoto anayeota meno hayamalizi wiki.

Alafu wino. Chukua tishu nyeupe, ilowanishe maji kidogo, sugua juu ya picha yenye rangi nzito, hasa nyekundu na bluu. Tishu ikibaki nyeupe sawa. Ikitoka na rangi, hiyo rangi ingeishia tumboni. Na ukinuse, tafadhali usione aibu kunusa kitabu dukani. Kinachonuka kama rangi ya ukuta au petroli kiache. Kwenye kava la nyuma tafuta herufi za CE au EN 71, au ASTM F963 kama kimetoka Marekani, hivyo ni viwango vya usalama wa midoli na utaviona hasa kwenye vitabu vyenye vitu vya kuchezea ndani. Na kuna kale kaduara kenye uso wa mtoto na maandishi 0-3 kamepigwa mstari, watu wengi wanafikiri maana yake ni cha watoto wa miaka 0 mpaka 3, hapana, maana yake HAKIFAI kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Nimeshaona zawadi za aqiqah, ile hafla ya mtoto akizaliwa, tatu zenye hako kaduara.

Sasa la betri, na hapa nawaomba sana. Siku hizi kuna vitabu vya kubonyeza vinasoma sura fupi, dua ya kulala, adhana, na kwakweli vinavutia, mtoto anabonyeza anasikia Qul huwallahu ahad, nani hatataka. Lakini ndani vina zile betri za mviringo kama za saa. Mtoto akimeza moja ikakwama kwenye koo la chakula inaanza kuunguza nyama za ndani, na inaweza kumfanyia madhara makubwa ndani ya saa mbili tu, hata kama betri imeshaisha nguvu kiasi kwamba kitabu hakitoi sauti. Kama lazima uwe nacho basi mfuniko wa betri uwe umefungwa kwa skrubu, sio ule wa kusukuma na dole gumba, na kikae kwako, unakitoa mkiwa wote unakirudisha. Ukihisi kameza betri, usisubiri uone kama ataitoa chooni, kimbia hospitali hapo hapo. Mi nyumbani kwangu sina cha namna hiyo na sitanunua mpaka mdogo afike miaka minne, sauti ya baba yake inatosha kwa Qul huwallah.

Vingine vya kuepuka ni vepesi kuvijua. Vile vyenye vidirisha vya kufunua, kafungue uone mnyama ndani ya safina, ni vitamu kuanzia miaka miwili na nusu huko, kabla ya hapo vidirisha vyote vitang'olewa na kumezwa. Macho ya plastiki ya kubandika, sumaku, glita, vyote hapana. Kipimo cha kipande chochote kinachoweza kutoka ni ile bomba ya ndani ya toileti pepa, kinachopita humo kinaweza kumkaba. Kurasa za foma, zile laini kama ndala, mtoto mwenye meno manne anamega kipande kama anavyomega andazi, kwahiyo nazo hapana.

Vitabu vya kitambaa mi navipenda kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja mpaka minane hivi. Vinafuliwa, havichomi, na vingi vina rangi nyeusi na nyeupe zilizokolea ambazo kichanga ndo anaziona vizuri, maana mwanzoni anaona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 mpaka 30 tu, yani toka kifuani kwako mpaka usoni kwako. Vuta mishono kwa nguvu zako zote dukani, na kama kina kamba isizidi shubiri moja. Fua kwa mkono na anika juani mpaka ndani kukauke kabisa, vile vyenye sponji vikikauka nje tu vinaota ukungu ndani na hutauona. Ukipata fundi cherehani mzuri anaweza kukushonea kabisa, vipande vya khanga na kitambaa cheusi, safina, mwezi, ngamia. Mi kila nikishika kitabu cha kitambaa namkumbuka Bi Aisha r.a., kwenye kitabu cha hadithi cha Abu Dawud imepokewa kwamba Mtume s.a.w. alimkuta na vinyago vyake, kati yake farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya kitambaa, akamuuliza farasi ana mbawa? Bi Aisha akamjibu, hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka mpaka meno yake ya nyuma yakaonekana. Kisa cha Nabii kwenye mkono wa mtoto, kwenye kitambaa, na nyumba inacheka. Hiyo picha ndo nnayoitaka sebuleni kwangu.

Twende kwenye picha sasa. Mitume hawachorwi sura, hilo wote tunalijua, lakini ukiwa na haraka dukani unasahau kuangalia. Nilishanunua kitabu cha safina kizuri sana, kigumu, kimepita vipimo vyote, nafika nyumbani nafungua ukurasa wa tatu namkuta mzee wa ndevu nyeupe anatabasamu na jina lake limeandikwa chini. Kilikuwa cha wenzetu Wakristo, kwao ni sawa, mi ndo sikufungua. Kwahiyo pitia KILA ukurasa. Vilivyotengenezwa kwa ajili yetu vinaonyesha safina, mawimbi, wanyama, miale ya nuru, mikono inayopigilia misumari, au watu kwa mbali bila sura. Kuna familia hawataki hata wanyama wenye macho, kama nyumba yenu ni hivyo vipo vya maumbo na mandhari tu, ongea na mzee wako wa nyumba kabla ya kununua kuliko kuja kugombana juu ya kitabu cha mtoto.

Na maandishi ya kiarabu. Hapa ndo moyo wa jambo lote kwangu, maana huwezi kumwachia mtoto atafune kitabu kama ndani kimeandikwa aya. Kitabu chenye aya kamili kikiwa chini ya miguu, kimelowa mate, kimekaliwa na pampasi chafu, wewe mwenyewe hutapata raha, utakiokota kila dakika, na tunarudi kule kule kabatini. Kwahiyo kwa mtoto wa chini ya miaka miwili mi nachagua visa ambavyo ndani havina aya wala jina la Allah kwa kiarabu kwenye kurasa, picha na maneno mafupi tu, alafu Bismillah na dua natamka mimi kwa mdomo. Akifika miaka miwili na nusu ameshaanza kuelewa "kitabu hiki tunakishika hivi", hapo ndo namwingizia vyenye aya, na vinakaa kwenye rafu yake ya chini, sio juu ya kabati. Tafsiri na jina la Allah kwa herufi za kilatini watu wana maoni tofauti, muulize ustadh wako, ila hata hivyo kadri maandishi yanavyokuwa machache ndivyo utakavyokuwa na amani ya kumwachia.

Kisa chenyewe nacho kipime. Vitabu vingi vya boksi vimechapwa kwa kiingereza na vingine, nnavyoona mimi, mwandishi kachukua kisa cha Biblia kabadilisha majina tu. Nina maswali yangu manne ya haraka. Kwenye kisa cha Nabii Musa, nani alisema asiuawe yule mtoto wa kwenye maji? Kwenye Qur'an ni mke wa Firauni, Suratul Qasas aya ya 9, kitabu kikisema binti wa Firauni kimetoka upande mwingine. Safina ilitua wapi? Juu ya mlima Judi, Surat Hud aya ya 44, sio Ararati. Nabii Yusuf ana koti la rangi nyingi? Kwetu kuna kanzu yake, ile iliyopakwa damu ya uongo, na baadae kanzu iliyorudisha macho ya baba yake, hakuna koti la rangi. La nne ni buibui na njiwa waliomficha Mtume s.a.w. pangoni, hiyo wengi tumekua nayo lakini kwenye Qur'an haimo, na mapokezi yake baadhi ya wanazuoni wameyasema kuwa dhaifu, kwahiyo mi kitabu cha kwanza sikijengi juu yake. Kama huna uhakika na kisa fungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, ile iliyotoka kamili 1969, au ya Sheikh Ali Muhsin Al-Barwani, usome mwenyewe, dakika tano tu.

Visa gani kwa umri huu? Vya wanyama, vya sauti, na ambavyo havina adhabu. Sisimizi wa Nabii Suleiman ni namba moja kwangu, kipo Surat An-Naml aya ya 18, mdudu mdogo anawaambia wenzake ingieni majumbani mwenu asije Suleiman na jeshi lake wakawakanyaga bila kujua, na Nabii anatabasamu. Mtoto wa mwaka na nusu anamjua sisimizi, anamwona kila siku kwenye sukari iliyomwagika. Ndege Hudihudi yumo humo humo kwenye sura hiyo. Samaki wa Nabii Yunus, safina, ngamia wa Nabii Salih ukiishia pale ngamia anakunywa maji. Suratul Fil wengi wanaipenda kwa sababu ya tembo na ndege, ila mi naiacha mpaka miaka minne, mawe na watu wanakufa, sio ya kulalia. Kisa cha kutaka kuchinjwa Nabii Ismail hivyo hivyo, nimeona kitabu cha boksi chenye kisu kwenye picha, kwa mtoto wa miaka miwili, jamani.

Kiingereza kisikutishe. Kitabu kikiwa na picha nzuri na maneno sita kwa ukurasa, soma kwa kiswahili chako. Mimi niliandika maneno yangu kwenye karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, sio kwenye kitabu maana stika zinang'olewa na kumezwa na wino wa maka pen unalambwa. Baada ya siku nne tano nilishayashika. Ya sisimizi yanaenda hivi: "Sisimizi mdogooo. Anasikia nini? Du, du, du. Jeshi linakuja! Ingieni ndani, ingieni ndani!" alafu vidole vyangu vinapanda mguuni kwake mpaka kwapani, anacheka anafunga kitabu kwa kelele, anafungua tena ukurasa ule ule. Ndo maana ukurasa unatakiwa uwe mgumu, anaufungua mara ishirini kwa kikao. Siku moja tukiwa tumekaa barazani akamwona sisimizi kabeba punje ya mchele, akainama karibu kabisa, akamwambia "ingia ndani". Alikuwa hajafika miaka miwili. Nilimpigia simu baba yake kazini.

Ukubwa kiwe cha mikono yake, sentimita 15 kwa 15 hivi, kurasa kumi mpaka kumi na sita. Vile vikubwa vya zawadi kimoja kina visa ishirini ni vizito, kikimwangukia mguuni atakichukia, na mtoto wa umri huo anataka kisa kimoja kitabu kimoja.

Kununua: maduka ya vitabu vya dini Kariakoo unaweza kukamata na kupima, ndo faida yake. Mtandaoni mwombe muuzaji akurushie video, sio picha, anafungua kitabu kilale wazi na anaweka kadi ya benki pembeni ya ukurasa. Asiyetaka kufanya hivyo anajua anauza nini. Angalia na herufi, zikiwa na ukungu ukungu kama zimepigwa fotokopi basi ni nakala ya wizi na gundi yake itakuwa ya wizi pia. Mtumba sio mbaya, ila kwa mtoto wa chini ya mwaka usichukue kinachonuka uvundo, huo ni ukungu umeshaingia kwenye boksi na hautoki. Bei ya kimoja kizuri mimi nililipa sawa na vitabu vitatu vyembamba, nikaguna, lakini vile vitatu vyembamba vya mwanangu wa kwanza viliisha ndani ya mwezi na hiki kina mwaka wa tatu sasa kimehamia kwa mtoto wa dada yangu.

Kukitunza ni rahisi. Usikiloweke hata siku moja, kifute na kitambaa chenye maji ya sabuni kidogo, kisha kisimamishe kimefunguka kama feni kivulini, jua kali linapinda kurasa. Kipindi cha masika, Machi mpaka Mei, kwa sisi wa Dar na ukanda wa pwani unyevu unaingia kila mahali, usikiache sakafuni usiku wala usikifungie kwenye kabati la ukutani, kipate hewa. Mende wanapenda gundi na mabaki ya uji yaliyoganda kwenye kurasa, kwahiyo kifute kabla ya kulala. Kona ikianza kuachana ibane na gundi nyeupe ya maji, ikandamize na kitu kizito usiku kucha, isikauke mkononi mwa mtoto. Selotepu hapana, anaibandua anaila.

Na siku kikiisha kabisa, kama ndani kina jina la Allah au aya, kisiende kwenye ndoo ya taka na maganda ya ndizi. Kichome pasafi au kizike mahali pasipokanyagwa, yote mawili yanajulikana kwetu, na Sayyidna Uthman r.a., khalifa wa tatu, baada ya kunakili misahafu aliamuru nakala nyingine zichomwe. Au peleka msikitini au madrasa, wengi huwa wana boksi au mfuko wa kukusanya juzuu zilizochakaa, ulizia tu. Cha kwetu cha kwanza, kile kisicho na mkia wa samaki, nilikishusha juu ya kabati mwaka jana nikakizika chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba, mwanangu mkubwa ndo alichimba shimo.